Tumbo la Mama Yake Bingwa

Saa sita mchana, mbele ya dirisha la dawa la hospitali, hapakuwa na pa kutia mguu. Daktari mgeni, gauni la kijani chini ya koti jeupe, alirudi nyuma kidogo akakanyaga kiatu cha mtu.

"Jamani, pole! Nimekuumiza?"

"Kiatu ndicho kimeumia. Mimi nimefurahi."

Aliyejibu alikuwa daktari wa matumbo, mrefu, shati limenyooshwa pasi likanyooka, maneno yake matamu kupita kiasi. Hospitali nzima ilimwita Bingwa. Jioni akapiga simu.

"Nani kakupa namba yangu?"

"Watu wa mapokezi. Nimewaambia ni dharura."

"Dharura gani?"

"Moyo."

"Mimi natibu matumbo kama wewe. Moyo upeleke kwingine!" Akakata huku anacheka, kisha akaitazama simu mpaka ilipolia tena.

Wakapendana, tena waziwazi. Shida ilikuwa kazi. Daktari huyu mgeni aliletwa hospitalini kuangalia kama madaktari wanafuata mwongozo wa kutibu bakteria wa tumbo, wale wanaoleta vidonda. Alichokikuta kilimtia uchungu. Wengi waliandika dawa za zamani ambazo bakteria walishazizoea, na wachache mno walimpima mgonjwa tena baada ya dozi. Kwenye kikao cha asubuhi aliyasema yote bila kumtaja mtu. Lakini mchanganyiko mmoja wa dawa alioutolea mfano uliandikwa na mtu mmoja tu pale, na shingo zote zikamgeukia Bingwa. Wengine wakacheka.

"Umenianika," Bingwa akamwambia kwenye simu.

"Sikukutaja, mpenzi."

"Ulihitaji kunitaja? Si ungeniambia tukiwa wawili?"

"Nilikuambia. Ukanibusu, ukasema uzoefu wako ndio mwongozo."

"Basi kaa na karatasi zako!"

Mwanamume akisusa, mwache tu. Alimpita kwenye korido kama hamjui. Binti wa watu naye hakubembeleza. Alilia kwake, akanawa uso, akapaka wanja, akaenda kazini.

Ndipo akaingia kwenye chumba chake cha kuonea wagonjwa mama mmoja mwenye kilemba cha zambarau, kajishika tumbo.

"Linawaka moto, mwanangu. Mtoto wangu ni daktari hapahapa, wanamwita Bingwa. Alinitibu, akanipima, akasema nimepona. Nitamwambiaje kwamba bado?"

Daktari akamvutia kiti. Akajikaza. "Mama, ulipopimwa, vile vidonge vya kupunguza asidi ulikuwa umeviacha?"

"Niviache? Si ndivyo vinanipa usingizi!"

Hapo akaelewa. Vidonge vile huwadhoofisha bakteria bila kuwamaliza, kipimo kikawakosa na wao wamo. Mwongozo unataka viachwe wiki mbili kabla ya kupima. Akimpigia Bingwa, ataambiwa analipiza kisasi, na mapenzi ndiyo basi tena. Akinyamaza, mama ataendelea kuungua. Akamwomba mama ruhusa, akapiga.

"Mama yako yuko kwangu. Hajapona."

Bingwa alifika akihema, shati limechomoka. "Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Wewe huambiliki, mwanangu."

Maneno hayo yalimwingia kuliko kicheko chote cha kikaoni. Akaketi kwenye benchi la wagonjwa, macho chini.

"Mtibu wewe," akamwambia daktari. "Fuata mwongozo wote, usiruke kitu. Na unisamehe, mpenzi wangu. Niliona aibu nikaiita hasira."

"Nilikumiss, mjinga wewe," akajibu, bila kujali mama anasikia.

Mama akapewa dawa mpya, akamaliza dozi. Vidonge vya kupunguza asidi vikaachwa kwa muda wake, kipimo kikarudiwa: bakteria hakuna, na tumbo limetulia. Bingwa naye sasa aliwarudisha wagonjwa wake wote kupimwa, wengine wakimnung'unikia.

Siku ya kupokea majibu ya mama, Bingwa alibaki amesimama katikati ya chumba cha daktari, mama yake ameketi pembeni.

"Wa kunisifu ninao wengi hospitali hii," alisema. "Nyumbani nataka wa kunikosoa. Nikuoe?"

"Nitakukosoa kila siku, Bingwa."

"Mbele za watu?"

"Ukizidi, mbele za mama."

"Mwanangu, kubali haraka," mama akadakia, "kabla hajaanza tena kujua kila kitu!"

Daktari akacheka mpaka wanja ukamchuruzika, akampa Bingwa mkono wake. "Nimekubali."