Dawa za Chiriku Hazipandi Lori

Nyumba ilikuwa imejaa maboksi. Baba, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa amepata kazi kwenye karakana ya mabasi katika mji wa mbali. Mama alikuwa anafunga sahani kwa magazeti. Binti yao aliitwa Chiriku mtaa mzima, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Yeye alikuwa anapekua boksi baada ya boksi akitafuta viatu alivyokuwa amevivaa.

Jirani yao muuguzi alikuja kuwasaidia.

"Hodi! Jamani, mmefunga mpaka viti? Nitakaa wapi?"

"Kaa juu ya godoro, dada," Mama alisema. "Lori linatangulia kesho na mizigo. Sisi tutafuata kwa basi."

Muuguzi aliketi, akatazama huku na huku.

"Na dawa za Chiriku ziko wapi?"

Mama alionyesha boksi la chini kabisa, lililobebeshwa masufuria yote.

"Zimo mle. Ziko salama."

"Salama kwa nani? Lori likiharibika njiani, mtoto atameza nini?"

Mama alishika mdomo. Hilo hakuwa amelifikiria. Chiriku ana kifafa, naye humeza vidonge kila siku, asubuhi na jioni.

Baba aliweka kamba chini.

"Kwa kweli nilitaka aziache tukifika," alisema. "Mbona siku hizi haanguki? Na kule hakuna anayetujua. Hatutamwambia mtu habari za ule ugonjwa. Tunaanza upya."

"Baba Chiriku, unadhani kifafa ni mpangaji? Kwamba mkirudisha funguo za nyumba, kinabaki hapa?"

Chiriku alicheka. Baba hakucheka.

"Hukuwepo siku ile shuleni," alisema. "Watoto walimkimbia. Mwalimu naye alikimbia! Nilimkuta mwanangu peke yake sakafuni. Sitaki kuona vile tena."

Muuguzi akaongea kwa upole.

"Pole sana, kaka. Walikimbia kwa sababu hawakujua. Kifafa hakiambukizi. Si mkosi, wala hajarogwa. Ni ugonjwa wa ubongo, na dawa hukituliza. Haanguki kwa sababu anameza dawa. Akiziacha ghafla, kitarudi kwa nguvu. Kupunguza dawa ni kazi ya daktari."

"Sasa tufanyeje?" Mama aliuliza.

"Nendeni kliniki leo hii. Ombeni dawa za kutosha mpaka mtakapotulia, na barua ya kumpa daktari wa kule. Dawa zikae kwenye mkoba wako, mama, zisipande lori. Mkifika, tafuteni kliniki kabla ya kutafuta mapazia. Na mwalimu aambiwe siku ya kwanza la kufanya mtoto akianguka." Alimgeukia Baba. "Wewe mwenyewe unalijua?"

Baba alitikisa kichwa.

"Basi kaa hapa nikufundishe."

Walifanya kama walivyoambiwa. Na kweli, lori liliharibika njiani, likafika siku mbili baada yao. Walilala sakafuni, wakapikia sufuria ya kuazima. Lakini Chiriku hakukosa kidonge hata kimoja.

Shuleni, Mama ndiye aliyemweleza mwalimu. Baba alijaribu, neno likakataa kutoka.

Wiki chache zilipita. Siku moja simu ya Baba iliita kazini. Alikuwa mwalimu.

"Chiriku ameanguka, lakini anaendelea vizuri."

Baba alitupa glavu, akatoka mbio. Njia nzima aliona sakafu ile, na mtoto peke yake.

Alipofika, alimkuta Chiriku amelala kwa ubavu, kichwa juu ya sweta la rafiki yake. Mwalimu alikuwa amekaa kando yake. Rafiki yake alikuwa amemshika mkono. Hakuna aliyekimbia. Baba alishusha pumzi, akakaa sakafuni, akalia bila aibu.

Jioni hiyo daktari alimpima Chiriku na kumwongezea dozi kidogo.

Kesho yake karakanani, msimamizi alimtania.

"Jana ulifukuzwa na nyuki?"

Baba angeweza kusingizia tumbo. Hakufanya hivyo.

"Binti yangu ana kifafa," alisema, kila mtu akasikia. "Alianguka shuleni. Mwalimu alijua la kufanya, sasa ni mzima."

Fundi mmoja, mpaka rangi wa mabasi, alizima mashine yake, akasema polepole, "Mdogo wangu pia anacho. Huwa tunamtia kijiko mdomoni."

"Hapana, ndugu yangu! Usimtie kitu chochote mdomoni!"

Baba alilala chini kwa ubavu, katikati ya vyuma, na ovaroli yake safi.

"Niangalieni. Ondoeni vitu vigumu karibu yake. Wekeni kitu laini chini ya kichwa. Msimkandamize. Mlazeni hivi, mate yatoke. Msimpe maji mpaka azinduke. Kaeni naye. Zikipita dakika tano bado anatetemeka, au akianza tena, mkimbizeni hospitali."

Aliinuka, akajipangusa vumbi.

"Haya, sasa wewe," alimwambia mpaka rangi. "Lala, nione kama umeelewa."

Mpaka rangi alilala. Mafundi wote wakasogea karibu kutazama.