Mji Unaokujua kwa Jina

Gari la moshi kutoka Nanyuki lilichelewa siku hiyo, na stesheni ya Thika ilijaa watu mpaka ukingoni mwa reli. Ilikuwa Februari mwaka wa 1956. Askari wawili walikuwa wakikagua vitabu vya pasi vya Wakikuyu, vile vya ruhusa ya kusafiri, wauza mananasi wakipita nyuma yao na kreti mabegani. Katikati ya vurugu hiyo alisimama msichana mwenye gauni jeupe la kazi, sweta ya kijani na viatu vya raba vilivyopakwa chaki. Jina lake lilikuwa Warigia. Alifanya kazi ya kufunga vidonda katika zahanati ya misheni kule Ruiru, na alikuwa ametumwa Thika kuchukua katoni ya bendeji.

Gari lilipoingia, watu wakasukumana. Pembe ya kreti ilinasa gauni lake, ikalipasua kutoka gotini hadi karibu na kiuno. Warigia akaiweka katoni chini, akaishika nguo kwa mikono miwili, akabaki amesimama huku wenzake wakipanda.

"Dada, usisogee," sauti ya mwanamume ilisema nyuma yake.

Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye suti ya kijivu iliyomkaa kama aliyezaliwa nayo, ingawa karibu kila mwanamume pale alivaa kaki. Alichomoa sindano yenye uzi kutoka chini ya ukosi wa koti lake, akapiga goti sakafuni, akaanza kushona.

"Wewe ni daktari wa nguo?" Warigia aliuliza, akitazama mbele kwa aibu.

"Na wewe ni daktari wa watu. Wagonjwa wangu hawalii, hiyo tu ndiyo tofauti."

"Mimi pia silii."

"Ndiyo maana sina haraka."

Alipokata uzi kwa meno, behewa la mwisho lilikuwa linaivuka swichi ya reli. Warigia akageuka. "Gari limeniacha."

"Nililiona likiondoka."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia ungesogea."

Warigia alitaka kukasirika akashindwa. Walikaa juu ya katoni mpaka gari la jioni, na kufikia saa hiyo alikuwa ameshajua kwamba kijana huyo aliitwa Mulei, Mkamba wa Kangundo, na kwamba alikuwa na cherehani kwenye baraza la duka moja mjini Thika. Suti ile aliikata mwenyewe. Alikuja nayo stesheni kila Ijumaa ili abiria waione, maana hakuwa na njia nyingine ya kuonyesha anachoweza.

Walianza kutembeleana. Jumapili Mulei alipanda baiskeli mpaka Ruiru, akamngoja nje ya kanisa, nao wakatembea kandokando ya mashamba ya kahawa. Mulei alipenda kuzungumza juu ya kitambaa, namna sufu inavyotii pasi, namna bega la mtu linavyoeleza kazi yake. Kisha angeanza kulalamika, na Warigia akajua kinachofuata. Thika ilimchosha. Watu wa viwandani walimletea kaptula za kaki awatilie viraka, basi. Kwa mwaka mzima alikuwa ameshona suti mbili, na moja ilikuwa ya maiti.

Warigia alimsikiliza, lakini hakukubaliana naye. Miaka miwili nyuma, wakati wa msako wa serikali dhidi ya waasi, watu wa Ruiru waliketishwa uwanjani toka asubuhi, na mtu aliyefunikwa gunia akawa anapita akitikisa kichwa mbele ya huyu na yule ili wakamatwe. Kabla hajafika kwenye safu ya Warigia, Sista wa zahanati alikuja, akamwita kwa jina mbele ya askari, akasema anamjua. Kaka yake, Gathogo, alichukuliwa Nairobi juma lile lile. Hakuna aliyemwita kwa jina, na hadi sasa alikuwa katika kambi ya kizuizini.

"Mji mdogo unakubana, najua," alimwambia Mulei. "Lakini mimi niko hai kwa sababu kuna mtu aliyenijua."

Mwezi wa Juni barua ilifika kutoka kwa Kitheka, binamu yake Mulei aliyefanya kazi Nairobi. Karakana moja ya suti huko River Road ilitaka mkataji. Mulei aliisoma barua mara nyingi kabla ya kumwonyesha Warigia. Alikuwa Mkamba, angeweza kwenda. Warigia alikuwa Mkikuyu, na kwa Mkikuyu mlango wa Nairobi ulikuwa umefungwa tangu msako, ila kwa kibali maalumu. Walikubaliana aende. Warigia angetafuta kibali, na kila Jumamosi saa kumi Mulei angepiga simu katika duka la Velji, Mhindi aliyekuwa na simu pale Ruiru.

Simu hiyo ilikuwa juu ya kaunta, kati ya mizani na pipa la mafuta ya taa, na saa kumi ya Jumamosi duka lilijaa watu waliokuja kununua chumvi ya kijiko kimoja. Warigia akajifunza kuzungumza kwa mafumbo.

"Unanipenda bado?" Mulei angeuliza kutoka mbali, sauti yake ikikwaruza.

"Ile dawa ipo," Warigia alijibu, akiwapa watu mgongo.

"Ipo kiasi gani?"

"Chupa nzima. Haijafunguliwa."

"Mgonjwa atakunywa lini?"

"Mgonjwa asiwe na pupa, Mulei." Na duka zima likacheka, maana hakuna aliyedanganyika.

Kibali kilikuwa mikononi mwa Bedan, karani wa ofisi ya chifu, mwanamume nadhifu aliyepaka nywele mafuta na kuvaa saa mbili, moja kila mkono. Mara ya kwanza alimwambia Warigia arudi na barua ya zahanati. Mara ya pili alisema barua haina muhuri. Mara ya tatu aliinuka, akafunga mlango, akasema kwamba kibali kingetoka upesi kama Warigia angekubali kunywa naye chai nyumbani kwake. Warigia aliufungua mlango akatoka. Haukukaa umefungwa hata dakika moja. Lakini nje, kwenye benchi, walikuwepo watu saba wakisubiri, nao walimtazama alivyotoka akirekebisha kitambaa cha kichwa.

Habari hizo zilipanda gari la moshi. Katunge, mama wa Kikamba aliyeuza vyondo, vikapu vya kusuka, toka Thika hadi Nairobi, alizifikisha kwa Mulei bila ubaya wowote, kama mtu anayempasha mwanawe. Alimwambia yule msichana wake haishi kwenda kwa karani, na kwamba mlango hufungwa. Mulei alimshukuru. Jumamosi iliyofuata hakupiga simu.

Warigia alisimama kwenye kaunta ya Velji kuanzia saa kumi kasoro robo hadi duka lilipofungwa. Jumamosi ya pili alisimama tena. Ya tatu, wanawake walimpisha kwa huruma, na huruma hiyo ilimuuma kuliko kicheko. Ya nne hakwenda. Mama yake, Wamboi, aliyeishi katika kijiji cha ulinzi walikohamishiwa na serikali kule Mugutha, alimwambia aache kujidhalilisha, kwamba mwanamume akipata Nairobi amepata mwingine. Warigia alirudi kazini. Alifunga vidonda vya watu akiwa mkimya mno hivi kwamba Sista alimuuliza kama anaumwa.

Mulei naye hakuwa na mwingine. Alikuwa na kazi. Alijifunza kukata kizibao na koti la vifungo viwili, akawapima makarani na wanamuziki na hata wakili mmoja, na mkono wake ukawa hodari. Usiku hakulala. Mwezi wa Novemba alishikwa na homa ya mapafu katika chumba chake Kariakor, Kitheka akiwa safarini kikazi. Alilala siku tatu. Watu wanne walioishi naye chumbani waliingia na kutoka, kila mmoja na zamu yake, na hakuna aliyemuuliza kitu, kwa sababu mtu anayelala mchana huenda anafanya kazi usiku. Alipoweza kusimama na kurudi River Road, alimkuta mtu mwingine kwenye meza yake. Mwenye karakana hakukasirika. Alimpa meza nyingine na kumwuliza jina lake linavyoandikwa. Mulei alikuwa amemfanyia kazi miezi mitano.

Jumatatu iliyofuata Mulei alipanda gari la kwenda Ruiru.

Wagonjwa walikuwa wamejaa kwenye benchi ya zahanati. Alikaa mwishoni mwa foleni, suti ya kijivu ikimning'inia kwa kukonda. Warigia aliita anayefuata, akaita tena, na alipoinua uso alikuwa yeye.

"Unaumwa wapi?" aliuliza kwa sauti ile ile aliyowauliza wengine.

"Nimekuja kuuliza jambo."

"Maswali ni baada ya saa nane. Kaa pembeni."

Alikaa pembeni. Saa nane walitoka pamoja, wakaifuata njia ya Mugutha, Warigia hatua mbili mbele. Mulei alimweleza alichosikia kwa Katunge. Alikieleza chote, bila kukipunguza, kisha akauliza kama ni kweli.

Warigia alisimama. "Nilikwenda mara tatu. Nilikwenda kuomba kibali cha kukufuata. Mara ya tatu akafunga mlango, nikaufungua." Macho yake hayakuondoka usoni mwa Mulei. "Ruiru nzima iliniona nikiingia pale. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nilikwenda kuomba nini. Na wewe, Mulei, uliyekuwa na simu, hukuniuliza."

Mulei alikaa chini kwenye nyasi za ukingo wa njia na suti yake. Alisema amekosa. Alisema alimwamini mtu aliyeona mlango kuliko mtu aliyekuwa ndani yake. Warigia hakumwambia ainuke, lakini baada ya muda alikaa pia, mbali kidogo, akaona jinsi mkono wa Mulei ulivyokonda ndani ya mkono wa koti. Akamuuliza alikuwa mgonjwa lini, na nani alimpa maji. Mulei alipomwambia, ndipo machozi ya Warigia yalipotoka.

"Nitarudi Thika," Mulei alisema. "Unioe. Yaani, nikuoe."

"Umeshasema la kwanza," Warigia alisema, akifuta uso. Kisha akawa mzito tena. "Utarudi kwenye viraka. Baada ya miaka mitano utaniangalia na utaona kaptula za kaki."

"Huko naangalia suti na sikuoni wewe."

Warigia aliinuka. Alimwambia arudi Nairobi, afikirie akiwa amepona. Mulei alifikiria majuma matatu, akarudi Thika na cherehani yake.

Walioana mwaka wa 1957 katika kanisa dogo. Mama yake Mulei hakuja, kwa kuwa hakutaka mkwe Mkikuyu wakati ule wa hatari. Alikuja tu mwaka uliofuata, mjukuu alipozaliwa akapewa jina lake, Wayua. Na jambo ambalo hakuna aliyelitarajia likatokea. Walimu na makarani wa Thika, waliosikia siasa zikichangamka, wakaanza kutaka suti. Walijua kwamba pale kuna fundi aliyekata nguo River Road. Mulei akapata chumba chenye mlango na kibao chenye jina lake. Akipita sokoni aliitwa fundi kutoka kila upande, na uso wake ukanenepa.

Kwa Warigia mji ulikuwa mwingine. Habari za mlango wa Bedan zilikuwa zimemfuata kutoka Ruiru, kwa maana ni mwendo mfupi. Alipofika bombani na debe lake, mazungumzo yalikatika. Wayua alipozaliwa, wanawake waliokuja kumwona walimfunua blanketi wakamtazama uso muda mrefu, wakitafuta sura ya karani, ingawa mtu yeyote angeweza kuhesabu miezi. Warigia aliwapikia uji wote, akawashukuru, na hakumwambia Mulei.

Mwishoni mwa 1959, vizuizi vya safari vilipolegezwa, alimwomba mumewe ampeleke Nairobi siku moja tu, aone mahali Mulei alipofanyia kazi. Walimwacha mtoto kwa Wamboi. Warigia alivaa gauni la bluu lenye mkanda ambalo Mulei alimshonea, wakatembea toka stesheni mpaka River Road, wakaingia hoteli wakanywa chai. Watu waliingia na kutoka. Mmoja aliomba kiti kilichokuwa karibu naye, akakichukua bila kumtazama. Warigia alikishikilia kikombe chake kilichopoa, akaanza kulia, kimya, bila kujificha.

Mulei aliogopa, akamuuliza kama kuna mtu amemkosea.

"Hakuna," alisema. "Hakuna anayenijua." Akamweleza yote, ya bombani, ya blanketi la mtoto, ya miaka hii miwili. "Mji mdogo uliniokoa, Mulei. Sijasahau. Lakini nimechoka kuwa mtu anayejulikana. Nataka tuhamie hapa."

Mulei alitazama barabara. Alifikiria kibao chake, na walimu, na jinsi alivyolala siku tatu Kariakor. Mhudumu akaja kuondoa vikombe.

"Nina suti nne za watu," alisema mwishowe. "Nikizimaliza, tutahama."

"Hutanilaumu?"

"Siku nyingine nitakulaumu," alisema. "Uniambie siku hizo. Usiniache nisikie kwa wengine."

Warigia alichukua mkono wake juu ya meza, mbele ya watu wote, na hakuna aliyegeuka kuwatazama.