Kipande cha Silima

Chupa ilikuwa palepale rafuni, imeoshwa ikang'aa, na ndani hamna kitu. Inspekta Matar aliinama akainusa.

"Mwizi gani huyu anayeosha vyombo?" aliuliza.

Daktari Harwood hakucheka. Mwingereza huyu, mwenye hospitali hii ndogo ya Shangani, alikuwa amewiva mpaka shingoni kwa hasira. Jana chupa ilikuwa na kipande cha fuvu, ukubwa wa kiganja, kimelowekwa kwenye fomalini, dawa ya kuzuia kuoza. Leo hakipo.

"Fuvu la nani?"

"La Silima, hamali wa bandarini. Kulabu ya winchi ilimpiga kichwani. Nilikitoa kipande kilichobonyea, nikaziba tundu kwa bamba la tantali, madini yasiyoshika kutu."

"Bamba likakaa?"

Daktari alitazama dirishani. "Ngozi ilichakaa juu yake. Ukingo ukatokeza, usaha ukaingia. Nimelitoa. Jeraha likipona vizuri nitamtilia la plastiki."

"Na kipande chake mwenyewe huwezi kukirudisha?"

"Fomalini imeshakiua. Nakipeleka Ulaya kuwaonyesha madaktari wenzangu. Ni mali yangu, Inspekta, na nataka mtu afungwe."

Neno hilo, mali, lilimkera Matar. Alipitisha kidole rafuni. Chembe nyeupe zikamganda. Alizinusa. Juzijuzi tu alikuwa amemwosha marehemu baba yake, na harufu ile ilikuwa bado puani. Karafuu maiti.

"Hii dawa yenu?"

"Siijui."

Matar aliijua. Aliyeingia humu hakuja kuiba. Alikuja kuosha maiti.

Akamwita Wanu, muuguzi wa zamu.

"Nani aliingia chumba hiki jana?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Labda Bi Time, mama yake Silima. Alikuja kumchukua mwanawe, akaomba maji aoshe bakuli la uji."

"Ukampeleka wapi?"

"Hapa. Ndipo penye bomba." Wanu akajiziba mdomo.

Mtaani Ng'ambo, Bi Time alikuwa barazani kwake anapepeta mchele. Silima alikaa karibu yake, kofia imemshuka mpaka masikioni.

"Shikamoo, Bi Time."

"Marahaba. Umekuja kunifunga?"

"Nimekuja kuuliza. Jana ulikwenda hospitali na karafuu maiti. Nani alikuwa amekufa?"

Bi Time aliweka ungo chini.

"Mwanangu kafa kipande, na mie nimezika kipande. Nlimwomba yule daktari kwa adabu zote. Kanambia cha kwake, atakipeleka kwao. Cha kwake! Alikibeba tumboni yeye? Nlimzaa mzima, Inspekta. Sitaki azikwe hapa na kichwa chake chengine kiko Ulaya kinatazamwa."

"Kwa hiyo ulikiiba."

"Nlikichukua. Nikakiosha palepale, nikakitia karafuu maiti, nikakivika sanda, nikenda kukizika ubavuni mwa kaburi la baba yake. Kama wewe Muislamu, nenda kakifukue!"

Silima aliinuka. Kizunguzungu kilimpata, akashika ukuta, kisha akavua kofia. Pale penye tundu ngozi ilikuwa ikipanda na kushuka kwa mapigo ya damu. Matar alitaka kutazama pembeni, akashindwa.

"Nifunge mie," Silima alisema. "Kichwa changu, na mie ndo nlomtuma."

"Kaa chini, utaanguka!" Bi Time alimvuta, kisha akamgeukia Matar. " Hajui kitu huyu. Mtu wako ni mie."

Pingu zilimlemea Matar mfukoni. Akimfunga mama huyu, mwanawe akianguka nani atamdaka? Alimtazama Silima akikaa taratibu, mkono wa mamake kwapani.

"Na hilo bamba la plastiki," Silima alisema, "mwambie daktari mara hii aniulize kwanza."

Daktari alikuwa akimngoja mlangoni mwa hospitali.

"Umemkamata?"

"Nimempata. Kakiri mwenyewe."

"Yuko wapi?"

"Kwake, anapika."

"Inspekta!"

"Mali iliyopotea ikionekana hurudishwa kwa mwenyewe, Daktari. Sheria hiyo mmetuletea nyinyi. Mwenyewe ni Silima, na ameshaipata. Kesi sina."

"Nitakushitaki kwa mkuu wako!"

"Nishitaki. Atakuuliza ruhusa ya Silima uliipata lini, na mimi nitakuwepo nisikie jawabu."

Daktari akaushika mlango kutaka kuufunga.

Matar alivaa kofia yake. "Jeraha likipona atakuja umtilie bamba jipya. Ila ameniagiza nikwambie: kichwa ni chake, piga hodi."