Jini Aliyekula Haraka

Mashine ilisema, "Msiwaguse wagonjwa," na mgonjwa pale sakafuni alikuwa mmoja.

Mmoja tu. Fundi cherehani, mnene kama magunia mawili, alianguka katikati ya wateja wake saa nne asubuhi, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Mkewe alikuwa anafukuza watu: "Mwacheni apumzike, hamsikii anakoroma?" Aliyesikia vizuri ni mtu mmoja, naye ndiyo kwanza alikuwa anashuka kwenye gari la wagonjwa. Kule si kukoroma. Moyo umeshasimama, koo ndilo linagombania hewa ya mwisho, na ukikaa kusubiri mtu wa namna hiyo aamke, utasubiri mpaka uote mizizi.

Aliyeshuka garini kazini walimwita Fundi Moyo. Kama kuna binadamu aliyekandamiza vifua vingi kuliko yeye, binadamu huyo bado hajazaliwa. Miaka kumi na tano. Alirudisha watu sokoni, alirudisha watu chooni, mmoja alimrudisha juu ya paa, mpiga bati, na lile bati lilikuwa limepigwa jua mpaka unakaanga yai. Madaktari wenye miwani walikuwa wanampisha mlangoni. Na haraka aliyokuwa nayo! Gari halijasimama, yeye ameshapiga magoti kwa mgonjwa. Kuna siku mbili alifika kabla ya gari.

Ile mashine ya kushtua moyo waliiita Shangazi, maana ilikuwa na sauti ya mwanamke na kazi yake kuamrisha. Unabandika vile vipande viwili kifuani, Shangazi anasikiliza, anasema msimguse mgonjwa, anapiga shoti, anasema endeleeni kukandamiza. Miaka yote maneno ni yale yale. Hajawahi kuongeza hata "tafadhali".

"Shangazi kalewa," alisema Dereva, ambaye mdomo wake haukuwahi kupumzika tangu azaliwe. "Anaona wawili wawili."

Fundi Moyo hakucheka. Alikandamiza mpaka jasho lake likamdondokea marehemu machoni. Fundi cherehani hakurudi. Alipoondoa mikono alisikia ganzi kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kama kidole amekilalia, na harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa. Akageuka kutazama. Pasi zote za duka zilikuwa baridi.

Kwa kawaida, mtu akimfia mikononi, Fundi Moyo alikuwa anakaa nyuma ya gari dakika chache amefunika uso. Dereva anamwacha. Siku ile alipanda mbele, akafungua mfuko wake, akala mkate.

"Uko sawa?" Dereva aliuliza.

"Mkate umekauka," alisema.

Basi ikaanza hivyo. Ganzi ikatoka kidoleni ikaja kiganjani, ikapanda kiwiko, taratibu, kama mpangaji anayehamisha vyombo kimoja kimoja. Chakula kikawa hakina ladha. Redio ikawa kelele. Watu walimwona kwenye ngazi za majumba anapanda polepole, begi begani, anasoma namba za milango kama amekuja kusoma mita ya maji.

"Kaka, siku hizi unatembea kama bwana harusi," alisema Dereva. "Juu kuna mtu anakufa."

"Nakuja."

"Unakuja na nini, na konokono?"

Siku moja waliitwa kwenye ghala. Mlinzi alikuwa amekaa juu ya ndoo, mkono kifuani, jasho linamwagika kama amemwagiwa maji, anasema kuna mtu amemkalia hapa katikati na taya lote linauma. Mtoto mdogo angejua huo ni moyo. Fundi Moyo alijua. Alikuwa anajua kila kitu, hakusahau hata neno moja la kazi yake. Akasimama mbele ya yule mlinzi, akainama, akafunga kamba ya kiatu cha kulia. Akamaliza. Akafunga na ya kushoto.

Dereva ndiye aliyemtafunisha mlinzi aspirini, ndiye aliyembeba, mtu na kitambi chake, mpaka garini. Mlinzi alipona. Garini walirudi kimya, na Dereva akiwa kimya jua dunia imeharibika.

Nyumbani Fundi Moyo alikuwa na mke, mwalimu wa watoto wadogo, mwanamke wa kucheka mpaka majirani wanacheka bila kujua sababu. Walikuwa wawili tu kwenye vyumba vyao viwili, na huyo mume alimpenda huyo mke, hilo halina ubishi, mtaa mzima ulikuwa unawaonea wivu. Mchana wa Jumapili wamejilaza, dirisha wazi, mke akamwekea kichwa kifuani kama alivyozoea. Akakaa kidogo. Akainua kichwa.

"Mume wangu."

"Mm."

"Huko ndani mko wangapi?"

Aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kumwamsha mwingine. Akaweka sikio tena. Moyo wa mumewe ulipiga, na kabla haujapiga tena, kitu kingine kilipiga katikati, kidogo, kizito, nyuma yake, kama mtu anayegonga ukuta wa chumba cha pili kuuliza kama kuna watu. Na blanketi zima likanuka pasi.

Mke hakulala tena kwenye kile kitanda. Alimpigia Dereva simu akiwa amejifungia bafuni.

"Shemeji, huyu niliyenaye ndani simjui."

Dereva hakutania. Kesho yake alimshika Fundi Moyo mkono, akampeleka nyuma ya hospitali, kwenye chumba cha kufulia. Pale alikuwepo mama mmoja anayefua mashuka ya wodi zote, mikono yake mikubwa kama makasia, na kila mfanyakazi wa hospitali alijua kwamba shuka ambalo mama huyo amekataa kulifua huchomwa moto, na hakuna daktari anayeuliza kwa nini. Hakuwa na hirizi, hakuwa na ubani. Alimnusa tu Fundi Moyo shingoni, akarudi nyuma hatua moja.

"Umemtoa wapi huyu?"

"Duka la cherehani," alijibu Dereva.

"Ninamjua. Amepita kwenye mashuka yangu mara sita." Akafuta mikono kwenye aproni. "Huyu hali nyama, hanywi damu. Anakula haraka. Anakula ile inayokufanya uruke ukisikia mtoto kaanguka. Akiimaliza, moyo unakaa bure, halafu unazima. Yeye anapenda moyo uliosimama, kwake ni kiti kitupu. Ukiugusa, anapita mikononi mwako, anakwenda kukaa. Ule moyo ukiamka, anabaki humo. Usipoamka, anapanda mikononi, anakuja kwako, kama alivyokuja kutoka kwa huyo wa cherehani."

"Mtoe, mama," alisema Dereva. "Mtoe hata sasa hivi."

"Ijumaa. Nahitaji siku nne kumchosha. Na wewe," akamgeukia Fundi Moyo, akamshika kidevu kama mtoto, "mpaka Ijumaa usimguse mtu ambaye moyo wake umesimama. Hata awe mama yako mzazi. Umenisikia?"

"Nimesikia," alisema Fundi Moyo, akawa anatazama mashine ya kufulia inavyozunguka.

Wakamwombea ruhusa kazini. Akakaa nyumbani, kwenye kiti, Jumatatu, Jumanne. Jumatano mkewe alirudi shuleni mapema. Aliweka mkoba chini, akakaa ukingoni mwa kiti cha pili.

"Nimechoka leo. Kuchoka kwa ajabu. Ndoo ndogo ya maji imenishinda."

"Pumzika."

"Na mgongo, hapa katikati ya mabega, kama kuna mtu anakaza skrubu. Kichefuchefu tangu asubuhi."

Kuna wanawake moyo hauwajii kama wanaume. Hauwakalii kifuani wakashika na kupiga kelele. Unakuja kama uchovu, kama mgongo, kama chakula kilicholala vibaya, na watu wanawachemshia chai ya tangawizi mpaka wanakufa. Fundi Moyo alikuwa anawafundisha hilo wafanyakazi wapya kila mwaka, alikuwa anapiga meza wakati anasema. Alimtazama mkewe. Aliona jasho juu ya mdomo. Aliona rangi ya midomo imegeuka majivu. Aliona mkono unapapasa taya. Akazihesabu dalili zote moja moja, hakuacha hata moja.

"Ni gesi," alisema.

"Gesi?"

"Gesi tu. Lala."

Mkewe akachukua simu, vidole vinateleza kwa jasho, akampigia Dereva. "Shemeji, njoo na gari. Naona nakufa, na mwenzio ananiangalia tu."

"Nakuja! Mwambie akupe aspirini! Mwambie—"

Simu ikaanguka. Yeye naye akafuata, akateleza kutoka kwenye kiti mpaka chini bila kelele, kama nguo inayodondoka kwenye kamba, akalala chali, akaanza kukoroma.

Fundi Moyo alikaa. Aliisikia ile sauti, sauti aliyoitambua kuliko sauti ya mama yake, na alijua kwamba kila dakika inayopita inamla mkewe kidogo, na alijua maneno ya mama wa mashuka, usiguse, hata awe nani, na alijua Dereva yuko mbali na barabara imejaa magari, na yote hayo aliyajua kama unavyojua bei ya sabuni, na ndipo akaona mikono yake inanyanyuka yenyewe kutoka mapajani, na miguu inasimama, na akajikuta ameshafika, amepiga magoti, kitako cha kiganja katikati ya kifua cha mkewe, kiganja cha pili juu yake, viwiko vimenyooka, na haraka, ile haraka ambayo hakuwa nayo tangu siku ya duka la cherehani, imemjaa mpaka nywele, na akafurahi, akasema moyoni, kumbe bado nampenda, kumbe bado nipo, wala hakuwaza kwamba huenda haraka ile haikuwa yake, kwamba kulikuwa na mwingine humo ndani aliyekuwa amekiona kiti kitupu.

Akakandamiza. Kwa nguvu, kwa kasi, anaacha kifua kinanyanyuka, anakandamiza. Ganzi ikashuka. Ilitoka begani ikaja kiwiko, ikaja kifundo, akaisikia inapita kwenye viganja kama maji ya moto yanavyoingia kwenye bomba lililokauka. Ubavu wa mkewe ukalia chini ya mkono. Chumba kizima kikanuka pasi, halafu harufu ikakatika, kana kwamba mtu amefunga mlango.

Dereva alivunja komeo kwa bega. Alimkuta rafiki yake analia, anakandamiza na analia, kamasi na machozi, anamlilia mkewe, anamlilia fundi cherehani, anawalilia wote aliokuwa hajawalilia. Dereva akabandika vipande, Shangazi akasema aliyosema, safari hii hakuna aliyemsikiliza, shoti ikapiga, mwili ukaruka.

Mapigo yakarudi.

"Amerudi!" Dereva alipiga kelele. "Amerudi shemeji yangu! Fundi, umemrudisha!"

Fundi Moyo alitaka kujibu, sauti haikutoka. Koo lilikuwa limechanika. Kwa wiki tano alikuwa anaongea kwa upole, hajainua sauti hata kwa nzi, na koo lilikuwa kama la mtu aliyepiga kelele usiku na mchana bila kupumzika. Akaelewa alikuwa amefungiwa wapi wiki zote zile. Akaelewa nani alikuwa anapiga kelele. Akamtazama mkewe chini.

Hospitali walimsifu. Daktari mkuu alimpa mkono mbele ya watu. Mishipa ya moyo ya mgonjwa ikazibuliwa, na siku ya pili wakamruhusu mumewe aingie. Mama wa mashuka alifika mpaka mlangoni mwa wodi na toroli lake, akavuta hewa puani, akageuza toroli.

"Mtoe," Fundi Moyo alimkimbilia, anamnong'oneza kwa lile koo bovu. "Ulisema unamtoa."

"Kwenye moyo mzima, mwanangu. Moyo huu umezibuliwa jana tu. Nikimvuta, unakuja naye." Hakumtazama. "Miezi sita. Labda mwaka. Kama atakuwa amebakiza kitu."

Fundi Moyo akarudi ndani, akakaa kando ya kitanda. Mkewe alikuwa ameegemea mito, anatazama dari. Ndugu zake walikuwa wametoka kumkumbatia kwa vilio, naye alikuwa amewapigapiga migongo, kila mmoja mara mbili. Mume akamshika mkono. Ulikuwa wa joto, mkono wa mtu mwenye afya kabisa.

"Mke wangu. Unanisikia? Unaumwa?"

"Hapana."

"Uliogopa?"

Akafikiri. Akageuza uso, akamtazama mumewe kama mtu anavyotazama ukuta kuona kama rangi imekauka.

"Mimi siogopi," alisema kwa upole. "Yeye ndiye anayeogopa. Anakuita tangu jana, anakuita jina lako, hata kunyamaza hajui." Akavuta shuka mpaka kifuani, akalinyoosha. "Utazoea. Hata wewe ulikuwa na kelele hivyo hivyo."