Ukurasa wa Kumi na Saba

Jua lilikuwa linazama Mama aliponituma. Nenda kwa shemeji yako, chukua kompyuta ya marehemu kaka yako, na umwambie amfungashie mtoto nguo, kesho tunamfuata. Niliondoka nimenuna. Sipendi kutumwa, na nyumba ile nilikuwa siipendi zaidi.

Shemeji alifungua mlango, hakunikaribisha. Ukoo mzima ulishamwita mchawi, na chanzo nilikuwa mimi. Kaka alikuwa dereva wa mashindano ya magari, mimi msomaji wake. Nilikaa kando yake na daftari la njia, nikimsomea kila kona kabla hajaiona. Kila kona ina namba ya ukali wake. Kona namba moja ndiyo kali kuliko zote. Kona namba sita unakanyaga mafuta tu. Siku ile gari liliruka korongoni. Kaka akafa, mimi nikatoka na bega lililovunjika.

Waliponiuliza, nikasema nilisoma sawasawa ila kaka alikuwa kama amefungwa masikio. Basi. Nani alimfunga, ndugu walijijazia wenyewe.

"Imo chumbani," alisema shemeji. "Ukiweza kuizima, ibebe."

Kiti cha gari bovu kilipigiliwa kwenye mbao, usukani umefungwa mezani, pedeli tatu sakafuni. Hapo ndipo kaka alipofanyia mazoezi, kwenye mchezo unaofanana na kweli mpaka usukani unakupiga viganja ukipita kwenye mawe. Skrini ilikuwa inawaka. Gari lilikuwa kwenye mstari wa kuanzia, linanguruma taratibu.

Chumba kilinuka petroli. Na vumbi lililonyeshewa.

"Tangu lini iko hivi?"

"Tangu tumzike."

"Acha uongo."

Nikaketi, nikabonyeza kila kitufe. Wapi! Nikavaa zile spika za masikioni labda nisikie kasoro iko wapi.

"Tano... nne... tatu..."

Sauti ya kaka.

Nilitaka kuinuka, mwili ukagoma. Gari likachomoka. Mchezo ule una njia za nchi za watu, nazijua zote. Hii haikuwa mojawapo. Mti uliokatika kichwa ukapita kulia kwangu, kisha jiwe lililopakwa chokaa, nikajua nilipo. Ni njia aliyofia.

"Kulia nne," alisoma kaka. "Mita mia. Kushoto tatu, inabana."

Alisoma vizuri kuliko mimi, nisiseme uongo hapa pia. Nilikata kona moja baada ya nyingine huku jasho likinitiririka. Kisha nikasikia kidole kikilambwa.

Ukurasa ukafunuliwa.

Mbili. Kurasa mbili kwa pamoja.

Mlio ule nilikuwa naujua. Duniani kote nilikuwa naujua peke yangu.

"Kulia sita," kaka alinong'ona. "Kanyaga."

Nikajiambia huu ni mchezo tu, acha gari lianguke, uende zako nyumbani. Lakini bega langu lililokwisha kuunga likaanza kuachia, mfupa kwa mfupa, na harufu ya petroli ikanijaa mdomoni. Niliogopa kufa. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili.

"Moja!" nilipiga kelele. "Siyo sita, ni moja! Umeruka ukurasa wa kumi na saba!"

Gari likasimama ukingoni.

Nikazivua spika masikioni.

"Umejuaje, shemeji?"

Mke wa kaka alikuwa nyuma yangu. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa.

"Kuna ukurasa ulirukwa?"

"Mchawi mkubwa wewe!" nilimwambia. "Umemwita kwa dawa gani?"

"Hakuitwa. Amekuja mwenyewe." Akanyoosha mkono wenye simu. "Nilimpigia Mama asikie injini, aache kuniita mwongo. Maneno yako sikuyategemea."

Kwenye simu kulikuwa na mtu anahema.

"Mwanangu..." alisema Mama. Halafu akakata.

Skrini ikazimika yenyewe. Nikainama kuchomoa waya, niende na kompyuta niliyotumwa. Waya haukuwa ukutani. Ulikuwa juu ya kabati, umeviringishwa, umefungwa kwa mpira, na juu yake vumbi la wiki sita, tangu mazishi.

Mtoto hakuchukuliwa. Nyumbani hakuna anayenisemesha, nami nilijifanya sijali. Ila nilipotoka kwa shemeji jioni ile, spika nilikuwa nimeziacha mezani, na bado nilimsikia. "Kushoto mbili. Ngazi. Taratibu." Tangu hapo ananisomea kila ninapokwenda, na hakosei. Jumatatu alinisimamisha hatua moja kabla ya lori ambalo sikuliona kabisa. Namchukia kwa hilo. Nimeshamzoea, siku hizi siangalii hata barabara.

Leo asubuhi, kwenye kivuko cha barabara karibu na kazini, nilisikia kidole kikilambwa.

Kurasa zikafunuliwa. Zilipita upesi, sikupata kuhesabu ni ngapi.

"Sita," alisema kaka. "Kanyaga."

Barabara ilikuwa tupu, hakuna gari kulia wala kushoto. Bado ni tupu. Watu wanavuka, wananisukuma kwa bega, mmoja kaniuliza kama naumwa. Jua linazama sasa, na anarudia neno lile lile, kwa upole, kama nilivyomsomea yeye siku ile.

Sijavuka.