Kanda Iliyotolewa Nzima

Mwimbaji ndiye aliyegundua wizi, saa tatu asubuhi, siku ile ile kundi lake la muziki lilipopangiwa kupiga kwenye ukumbi mkubwa kuliko wote waliowahi kuukanyaga. Alifungua studio kwa ufunguo wake, akawasha taa, akakuta mashine ya kanda iko wazi na kanda yenyewe haipo. Alikaa sakafuni akalia, kisha akapiga simu polisi.

Inspekta aliyekuja alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti na mgumu wa kudanganywa. Muziki wa kundi lile hakuuelewa hata chembe, wala hakuona haya kusema hivyo. Si yeye peke yake. Miaka kumi na tano iliyopita, walipoanza kupiga kwenye banda la magari kwa redio mbovu na mashine walizojiundia, nusu ya wasikilizaji waliondoka, na nusu nyingine walibaki wakisubiri muziki uanze. Walikomaa hivyo hivyo, vichwa vigumu, hadi leo tiketi zilipokwisha zote.

Kundi lilikuwa na watatu. Fundi, aliyeliasisi na kuunda mashine, wenzake walimwita Kaka. Mpiga Sufuria alipiga sufuria. Mwimbaji aliitwa hivyo ingawa hakuna aliyewahi kumsikia akiimba neno. Na walikuwa na sheria yao ya ajabu: sauti yoyote iliyorekodiwa iliingia kwenye kikapu kimoja bila jina, na hakuna aliyeruhusiwa kuuliza ni sauti ya nini, ili sikio lisikilize bila kuambiwa. Nakala hawakutoa kamwe. Kanda iliyopotea ilitoka kwenye kikapu hicho. Mwimbaji alikata kipande chake, akaunganisha ncha zake kikawa kitanzi, kikazunguka mashine na stendi ya maikrofoni bila kukoma, na juu ya mdundo huo akajenga kazi nzima ya usiku ule. Bila kanda, hakuna onyesho.

Inspekta aliizunguka mashine mara mbili. Mlango haukuvunjwa. Wembe wa kukatia kanda ulikuwa mezani, hapo hapo kando ya mashine. Lakini stendi ilikuwa imesogezwa, skrubu yake imelegezwa na mlingoti umeshushwa, ili kitanzi kilegee kitoke bila kuvutwa. Aliinama kutafuta hata kijipande cha kanda sakafuni, asione kitu.

Wote walimnyooshea kidole Mtoro. Huyu alikuwa mwenzao wa nne, aliyeondoka kwenda kutunga miziki ya matangazo ya sabuni, na ufunguo hakuurudisha. Jana yake alikuja kwenye mazoezi, eti kuomba suluhu. Inspekta alimfuata kazini kwake. Mtoro alikiri ufunguo anao, akakiri pia kwamba aliposikia ule mdundo aliona wivu. Alipoulizwa kanda ilikuwa na nini, alisema ilifanana na farasi anayetafuna nyasi.

Mpiga Sufuria naye alibanwa, maana alishagombana na Mwimbaji, akitaka sufuria zisikike zaidi. Alicheka tu. Kanda hiyo, kwa maoni yake, ni seremala anapiga randa. Mwimbaji alisema ni mtu anafagia. Fundi alijibu kwa adabu kwamba hajui.

Saa nane mchana Inspekta aliwakusanya wote wanne studio.

"Mwizi mwenye chuki angetumia wembe uliokuwa mezani," alisema. "Mwenye haraka angeivuta ikatike. Huyu alishusha stendi taratibu, asiiumize. Kwa hiyo anaipenda. Halafu kila niliyemuuliza ni sauti ya nini alibahatisha, hata Mtoro aliyeisikia mara moja. Kubahatisha ndio mchezo wenu. Mmoja tu hakubahatisha."

Wote walimgeukia Fundi. Hakubisha. Alifungua begi lake, akatoa kopo la biskuti, na ndani yake kitanzi kimekunjwa juu ya leso safi.

"Ni mke wangu," alisema. "Kandambili zake. Nilikuwa najaribu kinasa sauti nyumbani, akapita. Kanda ikabaki kwenye begi."

Mpiga Sufuria alishika kichwa. Ni yeye aliyekuwa na kawaida ya kumimina kila kanda ya begi lile kikapuni.

"Sauti yake sina," Fundi aliendelea. "Alikataa kabisa kurekodiwa. Nina hizi hatua tu. Na nyinyi mkazipunguza mwendo. Alikuwa mtu wa haraka. Ukimpunguza mwendo hivyo, anakuwa anaumwa tena, anajikokota kama miezi ile ya mwisho. Kila mazoezi nasikia anaumwa, nanyi mnasema ongeza sauti."

"Kwa nini hukuniambia, Kaka?" Mwimbaji aliuliza, machozi yakimtoka.

"Ningekwambiaje? Hujawahi kufanya kazi nzuri kama hii. Na sheria ya kutouliza niliitunga mimi."

Inspekta alifunga kalamu yake. Hakuona mwizi wa kupeleka popote, ila mtu aliyebeba kilicho chake. Roho ilimuuma kwa ajili yake, akamwambia hivyo.

Mwimbaji alisema onyesho livunjwe. Fundi alifikiri kidogo, kisha akakivisha kitanzi kwenye mashine kwa mikono yake na kupandisha mwendo hadi pale alipopajua yeye. Kandambili zikapita chumbani, nyepesi, za haraka, zenye hasira kidogo.

"Shemeji huyo," Mpiga Sufuria alisema papo hapo, akicheka na kujifuta macho.

Inspekta aliuliza alikuwa anawahi wapi mbio zote hizo.

"Anakuja kunizimia mashine," Fundi alisema. "Kelele zilikuwa zimemchosha. Pale alipofika ndipo mlipokata."

Mwimbaji alikimbilia pipa la takataka alimotupa mabaki ya kanda, akakumbuka lilishamwagwa zamani, akasimama mikono mitupu akiomba radhi.

"Acha, mdogo wangu," Fundi alimwambia. "Tutapiga hivi hivi, kwa mwendo wake. Hivi bado anakuja."