Bibi Rozalija na Upepo wa Dirishani

Asubuhi nyumbani kwa Milojka zilikuwa za mbio. Milojka alimsuka nywele binti yake Lucija huku jicho moja likiangalia maziwa jikoni. Mumewe Ciril alitafuta funguo za gari, ambazo hazipotei ila saa ya kuondoka. Na mama yake Ciril, Bibi Rozalija, alizunguka chumba hadi chumba akifunga madirisha.

"Nani kafungua hili?"

"Mimi, mama. Nilikuwa nakaanga vitunguu."

"Bora ninuke vitunguu. Upepo ukiingia dirishani ukatokea mlangoni, njiani unamkamata mtu."

Milojka hakubishana. Kijijini kwao vibibi vyote vilisema hivyo. Ukiumwa sikio, ni upepo. Ukiumwa mgongo, ni upepo. Hata yeye mwenyewe, dirisha la basi likiwa wazi, alijifunga kitambaa shingoni bila kufikiri.

Kisha ikaja mvua ile mbaya. Ilinyesha kama mvua nyingine, lakini kila tone lililogusa kitu liliganda papo hapo. Matawi yalivaa barafu. Nyaya za umeme zikanenepa kama mkono wa mtu. Kulipokucha, msitu mzima ulikuwa ukivunjika, na kila mti uliopasuka ulilia kama bunduki. Nguzo za umeme zikalala chini, na kijiji chote kikawa gizani.

Nyumba ile ilipashwa joto na maji ya moto yaliyopita kwenye mabomba. Maji yalichemshwa kwa kuni katika chumba cha chini, lakini yalisukumwa na pampu. Pampu nayo haiendi bila umeme.

"Usije ukawasha moto kule chini," Ciril alimwonya mkewe akivaa buti. "Maji yasipozunguka yatachemka mpaka tangi lipasuke."

"Sasa tutaota nini?"

"Washeni jiko la mama."

Akachukua msumeno wa mashine, akaenda kuungana na wanaume waliokuwa wakifungua barabara.

Jiko la mama, la kuni za kupasha chumba joto, lilikuwa sebuleni, kubwa, la vigae vya kijani, na benchi la kukalia limelizunguka. Halikuwashwa tangu mabomba yalipowekwa. Milojka aliliwekea maua juu. Bibi Rozalija aliyaondoa maua yale kwa furaha isiyofichika.

"Mlitaka kulibomoa hili. Haya, semeni leo nani mshamba."

Waliwasha kuni. Vigae vikapata moto taratibu, na Milojka akahisi uhai ukirudi vidoleni mwake. Walikula ugali wa mahindi na maziwa, wameegemeza migongo kwenye vigae. Lucija alicheka kwa mara ya kwanza tangu taa zizimike. Bibi alilowesha matambara, akayasokomeza kwenye nyufa zote za madirisha. Yakaganda pale pale, magumu kama ubao.

Adhuhuri kuni zilikuwa zimegeuka makaa mekundu. Bibi alinyanyuka, akashika kifuniko cha chuma kilicho kwenye dohani, pale moshi unapopandia.

"Mama, mbona unafunga?"

"Ili joto lisitoroke. Nikiacha wazi, tunapasha moto mbingu."

Milojka alichungulia. Juu ya makaa kulikuwa na ndimi ndogo za moto wa bluu.

"Lakini bado yanawaka."

"Ndilo joto lenyewe hilo, mwanangu. Ulilelewa na mabomba wewe, utajua nini."

Kifuniko kikafungwa.

Haukupita muda, Lucija akasema kichwa kinamuuma. Akatapika ugali wote, kisha akalala kwenye benchi. Milojka alimfuta mdomo. Kichwa chake mwenyewe kilikuwa kikigonga. Alidhani ni uchovu.

"Ulifungua mlango asubuhi kuleta kuni," Bibi alisema kwa sauti nzito. "Upepo umemkamata."

"Lucija. Amka unywe maji."

Mtoto hakuitikia. Mashavu yake yalikuwa mekundu, na mkono wake ulipoinuliwa ulianguka wenyewe. Milojka alikwenda dirishani, akavuta kipini. Matambara yaliyoganda hayakuachia.

"Acha hilo dirisha!" Bibi alijaribu kusimama, akashindwa. "Mtoto mgonjwa unamfungulia upepo? Akifa, umemuua wewe."

Mkono wa Milojka ulisita. Aliyaamini maneno yale tangu utotoni. Lakini mtoto alikuwa wake, na alikuwa haamki. Aliliacha dirisha akaelekea mlangoni, akijishikilia ukutani, akitaka tu kumwita mtu. Aliufungua, akaanguka kwa magoti kwenye ngazi.

Zdenka, mwanamke wa pale kijijini, alikuwa langoni, amevaa sare ya zimamoto wa kujitolea. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuwajulia hali wazee.

"Milojka, umeteleza?"

"Mtoto haamki. Ametapika. Sote tunaumwa kichwa." Milojka alivuta pumzi. "Hapa nje naona maumivu yanapungua."

Uso wa Zdenka ulibadilika. "Mmewasha nini ndani?"

"Jiko la vigae."

"Kifuniko cha dohani mmefunga?"

Hakungoja jibu. Aliziba pua na mdomo kwa skafu, ingawa alijua haisaidii kitu, akabana pumzi, akaingia. Alitoka na Lucija mikononi, akamlaza juu ya koti lake kwenye barafu. Akarudi ndani. Kioo kilisikika kikivunjika. Alipotoka tena alikuwa akimburuta Bibi Rozalija, naye Bibi analalamika kwa sauti dhaifu kwamba wanamtoa kwenye baridi akafe.

"Pumua, bibi. Kugomba utanigomba baadaye."

Zdenka aliita gari kwa redio. Milojka alimpigapiga mtoto mashavuni. Alimwita mara nyingi hata sauti ikakauka. Hatimaye Lucija alifumbua macho, akahisi baridi, akaanza kulia. Milojka hakuwahi kusikia kitu kitamu kama kilio kile.

Barabara ilikuwa imefunguliwa asubuhi ile na Ciril na wenzake. Gari lilipita. Zahanati ikawapa hewa ya oksijeni kwa mashine, wote watatu, na jioni wakapelekwa kwenye ukumbi wa zimamoto, ambako majirani wengi walikuwa wakilala. Jenereta ilinguruma nje, mbali na ukuta.

Zdenka aliketi nao na birika la chai.

"Makaa yakikosa hewa, na dohani imezibwa, hutoka hewa ya sumu," alisema. "Haina rangi wala harufu. Inaingia kwenye damu. Kichwa kinauma, tumbo linachafuka, usingizi unakuja. Watu wa nyumba moja mkiumwa kichwa pamoja, msijadiliane. Tokeni nje, pigeni simu."

"Na kifuniko?" Milojka aliuliza.

"Kibaki wazi mpaka majivu yapoe kabisa. Joto litapungua, ndiyo. Vaeni masweta. Acheni mwanya dirishani. Na jiko lililokaa miaka halijawashwa, msafisha dohani alione kwanza. Jenereta nayo, au jiko la kuchomea nyama, visiingie ndani, hata ghalani."

"Sisi tulifunga miaka yote," Bibi Rozalija alisema. "Na tuliamka."

"Wengine waliamka, bibi."

Bibi alizungusha kikombe viganjani. Chai yake ilipoa mkononi.

"Nilikuwa na mdogo wangu, Lojze," alisema. "Alilala kwenye benchi la jiko. Siku hiyo alikuwa amecheza dirishani, basi mama akasema upepo umemuua. Alikuwa na mashavu mekundu hivi hivi. Tulimsifu kwenye jeneza, tukasema anaonekana mzima." Alimgeukia Milojka. "Maisha yangu yote nimefunga madirisha kwa ajili yake."

Milojka alimshika mkono mama mkwe wake, na wote wawili wakalia bila aibu mbele ya watu.

Kesho yake Ciril alikwenda nyumbani, akaziba dirisha lililovunjika, akaking'oa kifuniko kile kwenye dohani moja kwa moja. Msafisha dohani alitoa debe zima la masizi. Walinunua pia kengele ya betri inayolia hewa ya sumu ikijaa chumbani.

Lakini umeme ulikuwa bado, na kijiji kilijaa majiko ya vigae na vibibi vinavyoogopa upepo. Bibi Rozalija alivaa koti, akamshika Zdenka mkono.

"Nipeleke nyumba kwa nyumba. Wewe bado mdogo kwao, watakucheka. Mimi hawatanicheka."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Frančiška, rafiki yake tangu shule. Ndani kulikuwa na joto zuri, na nyufa zote zimesokomezwa matambara.

"Frančiška, fungua dirisha."

"Rozalija? Wewe ndiye unaniambia hivyo? Umeingiwa na nini?"

"Unamkumbuka Lojze wetu?"

"Namkumbuka. Upepo ulimchukua, masikini."

"Haukuwa upepo," Bibi Rozalija alisema. "Fungua."

Frančiška alimtazama usoni. Kisha akaenda dirishani, akaanza kuchomoa matambara moja moja.